Vyumba Mia na Nane

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa tisa mchana, nikiwa bado dirishani kazini. Nilipofika nyumbani mama mkwe alikuwa ameshapanga vyombo sakafuni: sufuria mbili, beseni, ndoo ya kuogea na bakuli la plastiki. Mwaka jana paa lilivuja mahali panne. Mwaka huu patano.

"Mgeni kaja," akaniambia. Nilidhani anasema mvua. Kumbe anamsema binti yake, yaani wifi yangu, aliyekuwa ameketi kitandani kwangu na sanduku lake miguuni. Nyumba aliyokuwa amepanga imeuzwa, na mwenye nyumba mpya amewapa wapangaji wote wiki moja wawe wametoka.

"Wiki mbili tu, wifi," akasema. "Natafuta pa kujishikiza."

Nazijua wiki mbili za wifi. Za mwisho zilikuwa na miezi mitano ndani yake. Tuna chumba kimoja chenye pazia katikati: upande huu mimi na binti yangu wa miaka minane, upande ule mama mkwe, tangu mume wangu alipofariki. Sasa upande ule wako wawili, na mmoja wao anaongea hata akiwa anapiga mswaki.

Nimejinunulia daftari. Mimi ni karani wa kuandikisha wagonjwa katika zahanati ya manispaa, na kutwa nzima naandika habari za wenzangu: jina, umri, unaishi wapi, unaumwa nini. Za kwangu sijawahi kuziandika.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Wifi anakoroma.

Ijumaa, 8 Machi

Kabla ya saa nne asubuhi nilikuwa nimeandikisha watoto kumi na mmoja wenye kikohozi. Tisa ni wa huku kwetu, Kota. Mkono ukaandika wenyewe: Kota, jengo la tano. Kota, jengo la tano. Kota, jengo la nne. Wa kumi na mbili alikuwa binti yangu, kaletwa na bibi yake, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Nikamuuliza mama mkwe anaishi wapi, kwa mazoea, naye akanitazama kama mtu anayetazama mwendawazimu.

Mtoto amepewa dawa. Nimonia imeshaanza kumgusa.

Jumapili, 10 Machi

Mkutano wa wapangaji, kwenye uwanja kati ya jengo la kwanza na la pili, watu wamesimama chini ya miavuli.

Kota ni majengo tisa marefu, kila moja lina vyumba kumi na viwili. Manispaa iliyajenga zamani kwa ajili ya wafanyakazi wake wa chini, na kodi tunailipa manispaa mpaka leo. Mara ya mwisho paa lilipoguswa nilikuwa sijaolewa.

Mwenyekiti wetu tunamwita Spika. Ni mwalimu mkuu mstaafu, hawezi kuomba hata chumvi bila kuanza na "Waheshimiwa". Alimfundisha marehemu mume wangu, nami nimemheshimu tangu siku niliyoingia hapa. Leo alikuja na rasimu ya bajeti ya manispaa. Akasoma: fungu la ujenzi na ukarabati wa nyumba za umma, hakuna. Ni mwaka wa tatu sasa hakuna. Akafunua ukurasa: pendekezo la kuuza kiwanja cha Kota, wapangaji watajulishwa kwa wakati. Tarehe 22 Mei wananchi wataruhusiwa kutoa maoni mbele ya madiwani.

"Waheshimiwa," akasema, "napendekeza tuandike barua."

Sauti ikatoka nyuma. "Samahani, Mwenyekiti. Barua mmeshaandika ngapi?"

Ni wifi. Wiki yenyewe hajaimaliza hapa.

"Saba," Spika akajibu.

"Zilizojibiwa?"

Spika akakohoa. "Moja. Walitujulisha kwamba barua yetu imepokelewa."

Watu wakacheka, hata Spika mwenyewe akatabasamu kidogo. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Mgeni haanzi kwa kufunua vyungu vya wenyeji. Tukirudi nikamwambia hivyo, naye akaniambia, "Wifi, wale madiwani wanasema hakuna tatizo kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwahesabia tatizo. Wewe si ndiye unayeandika watoto wanaoumwa? Huko hamhesabu?"

Nikaongeza mwendo. Lakini jambo lenyewe limenikaa.

Jumanne, 12 Machi

Nimemfuata daktari, mkuu wa zahanati, kumwomba ruhusa nitoe idadi kwenye rejesta: watoto wa Kota wenye kifua, jengo kwa jengo. Hata hakuweka kalamu chini.

"Hapana."

"Sitaki majina, Daktari. Idadi tu."

"Leo idadi, kesho majina. Yule mama aliyemleta mwanawe alikuambia wewe karani. Hakuliambia baraza la madiwani."

"Hata mwanangu yumo humo."

"Mwanao msemee wewe. Wa wenzako hukukabidhiwa uwasemee."

Nilifunga dirisha dakika tano kabla ya wakati, ndicho kisasi pekee nilichokuwa nacho. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni kwamba mtu huyu anaogopa mkate wake, ndio maana kajifunika sheria kama shuka.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemsimulia mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Kakukataza rejesta," akasema. "Na milango kakukataza?"

Jumamosi, 16 Machi

Tumeanza milango. Nilitaka niende peke yangu, wifi akavaa viatu bila kuulizwa.

Maswali yangu ni manne. Mnaishi wangapi? Maji yanaingia wapi? Nani ameumwa kifua tangu mvua zianze? Na la nne: unaniruhusu niyasome haya mbele ya madiwani? Anayekubali anatia sahihi au dole gumba.

Nakiri, bila wifi ningekuwa bado niko mlango wa pili. Mimi nikibisha hodi watu wanafikiri nimeleta majibu ya vipimo. Yeye anaingia anauliza nani kamfundisha mwenye nyumba kukunja shuka vizuri hivi, na kabla hajamaliza ameshapewa kigoda na ameshashikishwa mtoto.

Miaka kumi na moja nimeishi Kota, nilidhani naijua. Chumba cha fundi cherehani vitambaa vya wateja vimening'inizwa juu ndani ya mifuko, vitanda vimepandishwa juu ya matofali matatu, na ukutani kuvu jeusi limepanda mpaka usawa wa kifua cha mtu mzima. Jengo la sita kuna baba analala ameketi, mgongo ukutani, ili mtoto akae wima kifuani kwake apate kupumua. Ni wiki nzima sasa. Nilipomuuliza swali la nne alisema, "Soma. Na useme nimesema mimi."

Mlango wa mwisho wa jengo la tano ulitushinda. Humo anaishi mlinzi wa ghala: usiku kazini, mchana amelala. Alitufungulia macho mekundu.

"Chumba hiki hakina jina langu," akasema kwa sauti ya chini. "Aliyeandikishwa alihama kitambo, akaniachia. Mkiniandika, mmenitoa."

Wifi, mwenye neno kwa kila mtu, akanifungia daftari. Mara ya kwanza namwona hivyo.

Jumapili, 17 Machi

Vyumba kumi na tisa.

Jumatano, 20 Machi

Kazi, halafu vyumba vinne. Miguu imevimba. Mahali pa sita pamefunguka juu ya kitanda, tumekisogeza.

Jumamosi, 23 Machi

Vyumba ishirini na viwili. Mama mmoja alitufokea kwamba tunamletea mkosi wa kufukuzwa, akatufungia mlango, halafu akatufuata mpaka jengo la pili kutuambia tumwandike.

Jumanne, 2 Aprili

Spika ameniita pembeni. Ananiambia twende polepole, tusiwaudhi wakubwa. "Maji ya moto hayachomi nyumba, mwanangu, lakini hayanyweki vilevile." Sikuelewa alimaanisha nini, na nadhani yeye pia hakuwa na hakika. Wifi anasema mzee ameanza kuchoka. Nikamwambia amheshimu.

Alhamisi, 11 Aprili

Naandika kabla sijanawa tope.

Saa nne asubuhi, mama mmoja aliingia zahanati mbio, akapita foleni yote, akasema ukuta wa jengo la tano umeanguka. Nilisimama. Daktari alikuwa mlangoni kwake, akaniambia, "Nenda." Nikiwa barabarani nikasikia hatua nyuma yangu. Ni yeye, na mkoba wake, na koti jeupe limelowa.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala chini pamoja na paa la vyumba vitatu. Viwili havikuwa na mtu, watu kazini, watoto shule. Cha tatu ni cha mlinzi, ambaye saa hiyo ndiyo huwa amelala usingizi mzito.

Nilitegemea kukuta mayowe. Nikakuta mstari. Wifi alikuwa amesimama juu ya kifusi, kanga ameifunga kiunoni, watu wamejipanga kutoka kwake mpaka uwanjani wakipokezana matofali mkono kwa mkono. Kila baada ya muda anainua mkono na wote wananyamaza, mvua pekee ndiyo inasikika. Mara ya tatu tulisikia. Kitu kinagonga chuma. Taratibu, halafu kinapumzika, halafu kinagonga tena.

"Yuko hai," wifi akasema, bila kupaza sauti. "Tuendelee. Juu kwanza, msivute chini."

Niliingia kwenye mstari. Matofali yalikuwa yanamegeka mkononi kama mkate uliolowa. Nilishika moja likawa matope kabla sijampa aliyefuata. Na haya ndiyo yaliyokuwa yamesimama juu ya vichwa vya watu miaka yote hii.

Saa mbili nzima. Alikuwa ameangukia kati ya kitanda na kabati, kitanda cha chuma ndicho kilichobeba paa. Alikuwa akigonga kwa kikombe. Mguu umevunjika mahali pawili. Daktari aliufunga palepale kwa mbao za kabati lenyewe, amepiga magoti kwenye tope, akimwambia neno moja moja kama anazungumza na mtoto. Walipompandisha kwenye gari, nilimwona daktari anautazama ukuta wa jengo la nne, jengo letu. Ufa umeanzia chini ya dirisha letu.

Alichukua mkoba akarudi kazini, nami nikamfuata, kwa sababu foleni ilikuwa inatungoja.

Ijumaa, 12 Aprili

Tulikwenda hospitali, mimi na wifi. Mlinzi mguu uko juu, umening'inizwa. Wifi akamwambia kwamba sasa amepata kulala usiku kama watu. Akacheka mpaka akaumia.

Halafu akaniuliza, "Lile daftari unalo?"

"Ninalo."

"Niandike."

"Na chumba kutokuwa na jina lako?"

"Chumba kipi?" akasema.

Nikauliza maswali yote manne. Alijibu yote.

Jumatatu, 15 Aprili

Tumeamka kukuta watu wa manispaa wanapiga msalaba mwekundu kwenye milango ya jengo la nne na la tano. Notisi: majengo ni hatari, mtoke ndani ya siku kumi na nne kwa usalama wenu. Mtoke mwende wapi, hawakusema. Wifi aliichukua karatasi, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Natafuta hiyo sehemu ya pili ya habari."

Miaka yote wakiambiwa hatari ilipo hawakuja. Sasa wamekuja na rangi.

Jumatano, 17 Aprili

Mkutano mbaya kuliko yote. Spika alisimama akasema manispaa wamemhakikishia kwamba tukiondoka kwa utulivu maombi yetu yatafikiriwa baadaye. Tuondoke kwa heshima, akasema.

"Nani kakuhakikishia?" mtu akauliza.

Ikatoka pole pole kama jino: mwanawe ni dereva wa meya. Na huyo mwanawe ameshamwandalia baba chumba kwake.

Uwanja ukawaka. Wifi akasubiri kelele zipungue, akauliza kwa upole, "Mzee wetu, unatushauri, au unatuaga?"

Spika akaweka faili la wapangaji juu ya kiti chake, akaondoka bila mwavuli. Wakapiga kura hapohapo: mwenyekiti wa muda, wifi. Nilimkumbusha kwamba si mpangaji. Watu wakanijibu kwa niaba yake.

Nina hasira na mzee huyu, na inaniuma kuwa nayo.

Jumamosi, 20 Aprili

Mama mkwe amenilazimisha niende kwa Spika. "Ukimkasirikia mtu mzima, mkasirikie usoni," akasema.

Nilimkuta anafunga vitabu kwa kamba. Chumba chake, jengo la kwanza, ndicho kikavu kuliko vyote, amekuwa akikiziba mwenyewe kwa lami mpaka alipoanza kuogopa ngazi. Hakunikaribisha kwa "Mheshimiwa".

"Mke wangu alifia hapo ulipokaa," akaniambia. "Kifua. Baada ya mazishi niliandika barua ya kwanza. Kila moja niliiamini, mwanangu, hata ya saba. Ya nane nilikaa nayo wiki nzima, kalamu ikakataa. Nilipoona kila mtu ananitazama mimi, niliogopa."

Niliingia na maneno yangu yamepangwa. Badala yake nikamshikia kamba ya vitabu.

Akanipa bahasha. Ndani kuna nakala ya azimio la baraza la wakati Kota inajengwa, lenye mhuri: kiwanja hiki kimetengwa kwa ajili ya makazi ya umma, na hakitatumika kwa shughuli nyingine. Alikuwa nayo miaka yote, anaiambatisha kwenye barua, na hakuna aliyeifungua. Halafu akanipa ufunguo.

"Ninyi msalaba mnao mlangoni. Ingieni humu. Wakiuliza, mwambieni nimesahau kuurudisha. Uzee."

Ijumaa, 26 Aprili

Mwanasheria wa ofisi ya msaada wa bure ameipeleka karatasi ya Spika mahakamani. Hakimu ameweka zuio: hakuna mtu kutolewa Kota mpaka baraza liamue bajeti. Ukuta hausomi zuio, kwa hiyo familia zote za jengo la nne na la tano tumezihamishia kwa wenzao. Sisi tuko chumba cha Spika, pamoja na fundi cherehani na wanawe wawili. Cherehani imekaa kati kama mkuu wa kaya.

Jumapili, 5 Mei

Hesabu imekamilika. Vyumba mia na nne vimeandikwa, vinne vimekataa, navyo ni haki yao. Watoto mia moja themanini na wanane. Walioumwa kifua tangu Machi, sabini na mmoja.

Binti yangu ni mmoja wao. Leo amecheza nje bila kusimama kushika mbavu.

Jumanne, 14 Mei

Tumepangiwa msemaji mmoja, dakika tatu. Wote wamesema niseme mimi. Nimejaribu mbele ya familia, wifi ameshika simu kupima muda. Nilipomaliza, mama mkwe akasema, "Umeanza kwa kuomba radhi mara mbili. Umemkosea nani?"

Nimefuta radhi. Nimepata sekunde ishirini.

Jumanne, 21 Mei

Leo nimeomba ruhusa ya kesho. Daktari aliisaini bila kuuliza naenda wapi. Huyu mtu sijamwelewa bado.

Jumatano, 22 Mei

Ukumbi wa baraza una feni sita na viti vyenye mito. Tulikuja watu themanini hivi, wengine wakasimama ukutani. Mlinzi alikuja na magongo.

Mweka hazina alitangulia. Kijana nadhifu, mpole, hana ubaya. Alieleza kwamba mapato hayatoshi, kwamba nyumba za umma ni mzigo usiorudisha kitu, na kwamba kuuza kiwanja kutaiwezesha manispaa kujenga maegesho ya ghorofa ya magari. Aliionyesha picha yake. Nzuri kweli. Ghorofa nne, paa zima.

Nikaitwa. Nikafungua daftari juu ya meza.

Nilisema: mimi ni karani, kazi yangu ni kuuliza watu wanaishi wapi. Nikasema tumebisha milango yote ya Kota, na haya ndiyo tuliyoambiwa, kwa ruhusa ya waliosema. Nikasoma. Watoto mia moja themanini na wanane, sabini na mmoja. Nikasoma habari ya baba anayelala ameketi, na nikasema amesema yeye, naye akasimama ili aonekane. Nikasema mweka hazina ameiita nyumba mzigo usiorudisha kitu, lakini wale watoto sabini na mmoja wametibiwa katika zahanati ya manispaa hiihii, kwa dawa za manispaa hiihii, kisha wakarudishwa chini ya paa la manispaa kuumwa upya. Nikasema hatujaja kuomba huruma. Nyumba si zawadi anayopewa mtu akikaa vizuri. Mliitenga ardhi hii kwa makazi ya umma, hili hapa azimio lenu lenye mhuri wenu, na tunataka fungu lake liwe ndani ya bajeti mwaka huu: vyumba mia na nane, na asitolewe mtu kabla hajapewa pa kuingia.

Kengele ililia nikiwa nimeshafunga mdomo.

Diwani mmoja, mwanamume mwenye miwani shingoni, akainama kwenye kipaza sauti. "Dada, takwimu hizi mmekusanya wenyewe. Ninyi ndio wenye shida. Nani anathibitisha?"

Nikaanza kumfunulia kurasa za sahihi na dole gumba. Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Alikuwa daktari, na koti lake jeupe, kama aliyetoka kazini dakika ile. Alijitambulisha, akaomba nafasi kama mkuu wa zahanati.

"Karani wangu aliniomba rejesta nikamkatalia," akasema. "Ningemkatalia tena leo. Siri ya mgonjwa si yangu wala si yake. Lakini kisheria mimi natakiwa kulipatia baraza taarifa ya magonjwa kwa maeneo, bila majina, na kusema kweli taarifa hiyo nimekuwa nikiichelewesha. Nimeileta." Akaweka karatasi moja mezani. "Kota, katika kila watoto kumi, wanne wametibiwa kifua msimu huu. Mtaa unaofuata, hewa ileile, mvua ileile, ni mmoja katika kumi. Tofauti ni kuta. Mimi natoa dawa. Kwa ukuta sina dawa. Mnayo ninyi."

Mwenye miwani akaivaa, akaivuta karatasi karibu.

Tulipotoka nilimfuata daktari kwenye ngazi nikitaka kumwomba msamaha kwa mambo ambayo hakuwahi kujua nimeyafikiria. Akanitangulia. "Kesho saa mbili dirishani," akasema. "Leo tumeandikisha wenyewe, mwandiko haufai."

Jumatano, 29 Mei

Madiwani wamepiga kura. Naandika azimio kama lilivyosomwa:

Kiwanja cha Kota hakitauzwa. Jengo la nne na la tano yavunjwe, na hapo zijengwe nyumba thelathini na sita katika mwaka huu wa bajeti. Mapaa ya majengo saba yaliyobaki yakarabatiwe. Mtu asitolewe kabla hajaonyeshwa pa kuhamia.

Tuliomba mia na nane. Tumepewa thuluthi. Wengine walilia kwa furaha, wengine kwa kupiga hesabu. Maegesho yamebaki kwenye bajeti, ila yamepungua ghorofa mbili.

Jumamosi, 1 Juni

Manispaa inataka orodha ya wanaostahili nyumba mpya: wapangaji walioandikishwa, wenye uhitaji zaidi kwanza. Nimeisoma mara tatu. Mlinzi hamo. Wifi hamo. Mtu aliyesimama juu ya kile kifusi hana hata mstari wa kuandikwa jina lake.

Nilimwambia nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alikunja kanga zake tatu, akazikunjua, akazikunja tena.

"Kwani mimi si mgeni tu, wifi?" akasema.

Miezi mitatu iliyopita ningefurahi kuzisikia kanga zile zikiingia sandukuni. Leo nimemwambia akae. Nimemwambia pia kwamba kikao cha kwanza baada ya orodha kitakuwa juu ya wale ambao orodha haiwajui, na kwamba tunaanza kubisha milango mtaa wa nyuma Jumamosi ijayo, ambako kila chumba kimepangishwa na mtu aliyepanga kwa mtu mwingine.

"Maswali manne yaleyale?" akauliza.

"Matano. La tano ni: jina lako limeandikwa wapi?"

Akatoa kanga moja, akajifunga.

Alhamisi, 6 Juni

Siku ya tatu bila mvua. Wamevunja majengo. Vumbi mpaka ndani ya chai.

Jumamosi, 8 Juni

Mpima ardhi wa manispaa alikuja leo asubuhi na vifaa vyake: futi, kamba, vigingi vya mbao, nyundo. Nusu ya Kota ilikuwa imeshafika kumwangalia kabla hajashuka kwenye gari. Msaidizi wake hakuja, kwa hiyo akawa anafunga kamba huku, anakimbia kule, kamba inalegea, anarudi.

Mama mkwe alimtazama akirudi mara ya nne. Akavua viatu, akavuka kifusi, akaishika ile ncha.

"Hapa?" akamuuliza.

"Hapo hapo, mama. Shikilia kidogo tu."

Akachuchumaa, mikono miwili, akakaza. Yule kijana akaivuta kamba mpaka mwisho wa kiwanja, ikanyooka, na kwa mara ya kwanza tukaona ukuta utakapopita. Fundi cherehani akaingia ndani ya ule mstari, akasimama, akaangalia huku na huku kama mtu anayetafuta pa kuweka meza.

"Mama, hiki kitakuwa chumba chenu?" mpima akauliza kwa mbali, akipigilia kigingi cha kwanza.

"Sijui," mama mkwe akamjibu. "Orodha haijatoka. Atakaa mtu."

Jua lilikuwa limeshapanda. Nikaona mikono yake inaanza kutetemeka, nikasogea nimpokee, akanitikisia kichwa. Mpima naye alikuwa ameliona hilo. "Basi mama, unaweza kuachia," akasema.

"Umeshafunga upande wako?"

"Bado kidogo."

"Funga kwanza," akasema. "Ukishafunga, nitaachia."